Isale Likisimama

Jumatatu ile asubuhi, hata uso hajanawa, Dorkasi alikuta rangi nyekundu kwenye isale la baba yake.

Haikuwa rangi nyingi. Ilikuwa alama moja ya brashi, upana wa vidole viwili, imepakwa kwa haraka kwenye shina, na tone moja limetiririka mpaka chini. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Masale mengine manane yalikuwa na alama kama ile, yote ya upande wa barabara. Akahesabu mara ya pili na ya tatu, kana kwamba kuhesabu kungepunguza. Yalikuwa tisa. La baba yake lilikuwa la tano.

"Da Dorkasi, usiyashike, rangi haijakauka!" Salama alimpigia kelele kutoka mlango wa jiko. Salama ndiye aliyekuwa akipika chai ya vikao vilivyofanyika pale, mwanamke mfupi mwenye mdomo mrefu, na hakuna neno lililosemwa kwenye vikao vya wakubwa lisilomfikia kabla birika halijachemka.

"Nani kapaka?"

"Fundi wa geti. Mkurugenzi kasema siku ya sherehe wageni watakuja na magari makubwa, na hapa hayapiti. Yenye alama yanakatwa."

"Lini?"

"Kabla ya Jumamosi. Au ulidhani watasubiri wageni waondoke ndiyo wapanue geti?"

Dorkasi akaegemea shina, na rangi ikashika kanga yake.

Mgeni angepita pale asione kitu. Angeona mimea ya majani marefu imepangwa mstari nyuma ya nyumba kuukuu ya mawe, kwenye kilima kinachotazama mji wa Lushoto, aseme ni ua wa kuzuia mbuzi. Lakini mstari ule ndio uliokuwa mwanzo wa Mfuko wa Shemkai, na miaka sitini ya Mfuko ndiyo iliyokuwa ikifanyiwa sherehe.

Mwanzilishi alikuwa Mzee Stephano Shemkai. Ujanani alikuwa karani wa shamba la chai kule Amani, na kule alijifunza jambo moja ambalo wenzake hawakuliona: wenye shamba walikuwa hawapo. Walikaa mbali ng'ambo, wakalala na kuamka, na mali yao ikawafanyia kazi mikononi mwa mtu mwingine. Mwaka 1963 alirudi kwao na baiskeli na wazo hilo. Akawaambia majirani, aliyeuza kahawa, aliyeuza ng'ombe, niletee chako tukiweke pamoja na changu, nikitume kikafanye kazi. Alinunua mbao, akanunua viwanja Mombo wakati Mombo ilikuwa vumbi na reli tu.

Tatizo likawa karatasi. Watu wa milima hii walishasainishwa vya kutosha na kila aliyepita. Waliona karatasi ni mdomo wa anayejua kusoma. Basi Mzee Stephano akawaambia: "Acheni karatasi. Kila mmoja aje na isale kutoka mpaka wa shamba lake, alipande nyuma ya nyumba yangu. Isale lako likisimama, mali yako imesimama. Siku ukitaka chako, njoo uling'oe kwa mkono wako mwenyewe, majirani wawili wakiona, uondoke nalo."

Hilo walilielewa. Huku mtu hachezi na isale. Ndilo linalosema hapa ni kwangu na pale ni kwako, na anayeling'oa la mwenzake anatazamwa kama aliyechimba kaburi. Wakaja kutoka Mlola, kutoka mabondeni, Walutheri kwa Waislamu, kila mmoja na kijiti chake kichwani. Mpaka leo wazee wakienda kuchukua fedha zao kwenye ofisi ya vioo pale mjini, husema, "Nimekuja kung'oa," na wasichana wa dirishani waliotoka Dar es Salaam hutazamana.

Dorkasi aliolewa katika nyumba hiyo mwaka 1990, na Kristian, mtoto wa kwanza wa Mzee Stephano. Baba yake, Mzee Singano wa Mlola, hakuila mahari ya binti yake. Aliuza ng'ombe wa mahari, akaongeza na dume lake mwenyewe, fedha zote akazipeleka kwenye Mfuko. Isale alilikata kwenye mpaka wake, akalifunga kwa jani la mgomba, akalipanda mbele ya mkwewe na mashahidi, akasema, "Hili si langu. Ni la binti yangu na watakaotoka tumboni mwake."

Dorkasi hakupelekwa shule. Alizaliwa wa kwanza, na mgongo wake ulikuwa kitanda cha wadogo zake sita. Lakini baba mkwe hakumdharau. Alimpa ua ule autunze, akawa anatembea naye shina kwa shina akimtajia: hili la nani, aliweka nini, lilipandwa msimu gani, nani alishuhudia. Mwanamke asiyejua kuandika alishika yote. Baada ya mzee kufariki, na mchwa kula madaftari ya kwanza, hakuna mtu mwingine aliyebaki anayeweza kuusoma mstari ule. Masale arobaini na matatu. Alikuwa anayajua kama Mama Mchungaji anavyojua zaburi.

Walichomfanyia kinasemeka kwa maneno machache, na ndiyo maana kiliuma. Kristian alifariki mwaka 2011, kifua. Siku ya tatu ya msiba, macho ya Dorkasi yamevimba hata mlango haoni, Tobia alikuja na karatasi. Tobia ndiye mdogo wake Kristian, msomi wa familia, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika ukurugenzi. Alipiga magoti kabisa mbele ya mjane. "Shemeji, weka dole hapa, ni ya rambirambi za kampuni. Na hapa. Na hapa." Akamshika mkono, akambonyeza kidole kwenye wino, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

Miezi minne baadaye aliambiwa kwamba amemuuzia Tobia fungu la mumewe na fungu la baba yake pia, na kwamba bei ilikuwa jeneza na chakula cha waombolezaji. Alipolia, alionyeshwa dole lake. Hakuna mtu mwenye dole kama lako, walimwambia. Basi akapewa chumba kimoja nyuma ya ghala, karibu na ua, "kwa hisani ya kampuni," na ufagio. Miaka kumi na miwili. Eliza, mwanawe wa pekee, alikuwa akisomea uuguzi Tanga kwa kabichi na karoti alizouza mama yake kando ya barabara, wakati isale la babu yake limesimama pale pale, limenenepa, likizaa kwa ajili ya mtu mwingine.

Hata hivyo lilikuwa limesimama. Hakuling'oa. Kila asubuhi alilishika kabla hajamwamkia mtu, na moyo ukatulia kidogo. Sasa lilikuwa na rangi nyekundu.

Jumatano akaja binti aitwaye Loveness, mwandishi aliyekuwa akimalizia kuandika kitabu kidogo cha historia ya Mfuko, wagawiwe wageni. Alikuwa na viatu visivyofaa kwa tope la Lushoto na adabu nzuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Utateguka mguu na hivyo viatu."

"Nimeshateguka, mama. Jana, mara mbili." Akacheka, akakaa kwenye jiwe. "Naambiwa wewe ndiye unayejua masale haya ni ya nani."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu. Mkurugenzi ndiye wa mwisho kuniambia."

Dorkasi akataka kucheka, hofu ikamzuia. Akamtembeza. Loveness alishika simu yake mbele ya mdomo wa mama huyo kama anayemnywesha dawa, na majina yakatoka. Walipofika kwenye la tano la upande wa barabara, Dorkasi alisema, "Singano wa Mlola, kwa ajili ya binti yake," akalipita upesi kama mtu anayepita kwenye nyumba ya mbwa mkali.

"Binti yake ni nani?"

"Twende mbele mwanangu, jua linapanda."

Loveness alimtazama, asisisitize. Mwisho wa safari akatoa kwenye mkoba wake picha ya ukurasa wa daftari, wino umefifia. "Mama, hiki nimekikuta kwenye kabati la kanisa. Mwinjilisti aliandika kikao cha kwanza kabisa cha Mfuko. Sikiliza." Akasoma polepole: "Isale likisimama, mali ya mtu imesimama. Haling'olewi ila kwa mkono wa mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili."

Miaka yote hiyo Dorkasi alidhani maneno yale ni ya mdomo tu, ya mzee aliyekufa, hewa. Kumbe yaliandikwa. Kumbe karatasi nayo ilikuwa na upande wake.

"Rudia," alisema.

Loveness akarudia. "Mkurugenzi ameyapenda sana. Amesema tuyaweke ukurasa wa kwanza, na kwenye fulana. Na nimemwomba ua usikatwe kabla ya sherehe, ili wewe uwatembeze wageni, uwatajie. Amekubali."

Usiku huo Dorkasi hakupata usingizi, na kesho yake mchana ndipo alipoelewa kwamba alikuwa na haki ya kutolala. Tobia alikuja mwenyewe mlangoni kwake. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa hajawahi kuinama kupita ule mlango.

"Hodi shemeji."

"Karibu, Mkurugenzi. Kiti ni hicho kimoja, na mguu wake mmoja ni mgonjwa."

Akabaki amesimama. Alikuwa mtu mzima sasa, tumbo limemtangulia. "Jumamosi utatutembeza. Wageni wangu wanatoka Dar, wanataka kuingia ubia na sisi. Watu wakubwa. Nataka wasikie historia nzuri."

"Historia ni ile ile."

"Ndiyo. Ila lile la tano, liruke." Alisema huku akitazama kitanda chake, sufuria zake, picha ya Kristian ukutani. "Yale yameshaisha, tusiyafufue. Ukiliruka, chumba hiki ni chako mpaka Mungu akuite, nitakuandikia. Usiporuka, mimi sitakuwa na la kukusaidia. Wabia watataka eneo lote liwe wazi."

"Nitakwenda wapi?"

"Ndiyo maana nakwambia liruke."

Alipoondoka, Dorkasi alikaa kwenye kile kiti kibovu mpaka maharage yakaungua. Chumba, au neno moja. Hakuwa na pengine. Shamba la baba yake Mlola lilikuwa limegawanywa na wadogo zake wa kiume mpaka likawa mistari ya viazi. Eliza alikuwa anakaa chumba cha wanafunzi watatu. Dorkasi aliwaza mvua za vuli, aliwaza godoro lake likiwa barabarani. Akaamua ataruka. Aliamua kweli, akajiosha mikono, akala maharage yaliyoungua.

Ijumaa asubuhi akatoka kulishika isale, akakuta pengo.

Manane yenye rangi yalikuwa yamesimama. La tano halikuwepo. Tobia hakuwa na imani hata na woga aliouleta yeye mwenyewe. Shimo lilikuwa limefukiwa na kusawazishwa kwa kiatu, alama za soli zikionekana kama muhuri.

Alizunguka kiwanja chote akipekua, nyuma ya ghala, kwenye banda la kuni, kwenye jaa. Salama akamwona.

"Unatafuta nini, Da Dorkasi?"

"Usiniulize."

"Kama ni lile, fundi alilitupa upande wa zizi la mbuzi. Nilimwambia, we kijana umetoka wapi, isale halitupwi hivyo, choma au acha. Akaniambia yeye ni wa Morogoro."

Alilikuta juu ya samadi kavu. Lilikuwa limepasuliwa kwa panga katikati, majani yametafunwa yote na mbuzi, mizizi imekatwa. Kilichobaki ni kipande cha urefu wa mkono mmoja, kimenyauka upande mmoja na kupondeka upande wa pili. Akakifunga kwenye kanga kama anayebeba kichanga, akakilaza chini ya kitanda ndani ya gunia alilolilowesha.

Jumamosi kulikuwa na turubai jeupe, viti vya kukodi, na kwaya. Wageni wa Dar walikuwa wanne, wamevaa makoti, wanatetemeka baridi ya Lushoto huku wakisema wanaipenda. Wenye masale walikuja wengi, wengine wajukuu wa waliopanda, kila mmoja na kitabu kidogo cha Loveness mkononi. Aliyekuja na fimbo, koti lake kuukuu na kofia nyeupe ya kufuma, alikuwa Mzee Hashimu wa Mlola, mmoja kati ya wawili waliokuwa hai katika wale waliopanda mwaka wa kwanza.

"Shikamoo baba," Dorkasi alimwamkia.

"Marahaba. Mbona umekonda? Au Mfuko unakula na wewe hulishwi?" Akacheka kwa meno yake mawili yaliyobaki. Dorkasi hakuweza kucheka.

Wakaanza kutembea. Dorkasi mbele, wageni na Tobia nyuma yake, wazee wakifuata. Alitaja. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini majina yalijitaja yenyewe, na kila lilipotajwa jina mtu alijitokeza akagusa shina la babu yake, mwingine akafuta machozi. Mmoja wa wageni alipiga picha kila kitu, hata konokono. Wakafika upande wa barabara. La kwanza. La pili. La tatu. La nne lilikuwa la Mzee Hashimu mwenyewe, nene kama paja.

Halafu udongo mtupu.

Dorkasi akainua mguu avuke. Mguu ulikuwa umeshapita nusu, Tobia ameshashusha pumzi, aliposikia fimbo ikigonga chini nyuma yake.

"Hapa pana nani?" Mzee Hashimu aliuliza.

Akachoma udongo mtupu kwa ncha ya fimbo.

"Nauliza kwa sababu mimi ni jirani yake tangu amepandwa. Kulia kwangu hapa pana mtu. Mimi ndiye niliyeshuhudia. Mwanangu Dorkasi, hapa pana nani?"

Alikiona chumba chake kwa pembeni ya jicho, mlango uko wazi. Aliona godoro.

"Ni baba yangu," alisema. "Ni mimi."

"Wazee wangu," Tobia aliingilia kwa tabasamu, "hilo ni jambo la zamani. Mama Eliza aliuza fungu lake kwa hiari yake, karatasi ipo, ina dole lake."

"Aliuza. Sawa," akasema Mzee Hashimu. "Aling'oa nani?"

"Kung'oa ni mila tu, mzee."

"Mila?" Mzee akafungua kitabu kidogo, akakigeuza maana alikuwa amekishika juu chini, akampa mjukuu wa mtu aliyekuwa karibu. "Soma ukurasa wa kwanza, ule wenye picha ya marehemu. Kwa sauti."

Yule mjukuu akasoma: haling'olewi ila kwa mkono wa mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili. Watu wawili waliokuwa wamevaa fulana za sherehe wakajitazama vifuani, maana maneno yalikuwa hapo pia.

"Mashahidi ni nani?" Mzee Hashimu aliuliza. "Mimi ni jirani wa kushoto, sikuitwa. Wa kulia, Esteria, uliitwa?"

"Nani aniite?" bibi mmoja akajibu. "Hata msiba wa kuku huwa naitwa, huu sikuitwa."

"Basi la mtu limeng'olewa na mtu mwingine." Mzee alimpa mtu fimbo yake. Akakamata shina lake kwa mikono miwili, akalitikisa. Udongo ukapasuka kidogo chini. "Kama la Singano limeng'oka hivyo, langu linangoja nini? Leo nimekuja kung'oa."

Esteria akashika lake. Kijana mmoja wa mabondeni akavua koti, akashika la babu yake. Mstari mzima ukaanza kutikisika, majani yakipiga kelele kama mvua inayokuja kutoka Magamba. Kwaya ilikuwa imenyamaza. Mgeni mmoja akamwuliza Loveness, "Hii ni ngoma ya kienyeji?"

"Hapana," Loveness akajibu. "Wanatoa fedha zao."

Rangi ya Tobia ilibadilika. Alijua hesabu kuliko wote waliokuwa pale: wakichukua zote kwa siku moja, Mfuko umekwisha. Akainua mikono. "Wazee! Wazee wangu, tusivunje nyumba ya baba. Natoa neno." Akajifuta paji la uso, akatafuta maneno ya mtu mkarimu, na hapo ndipo Dar es Salaam na masomo yake yote yalipomponza. "Lile isale lipandwe tena pale pale. Likishika mpaka Krismasi, fungu la Singano na la Kristian yanarudi kwa Mama Eliza, nitasaini mbele yenu. Likinyauka, basi Mungu ameamua, na karatasi yangu ndiyo ya kweli."

Esteria alitazama chini haraka na kujifunika mdomo kwa kanga. Kila mtoto aliyelelewa milimani huku anajua kwamba isale halijui kufa. Ukilitupa njiani linaota njiani, ukilitumia kama nguzo ya kuanikia nguo litachipua na nguo zako juu. Tobia alipelekwa bweni akiwa na miaka saba.

"Mkurugenzi amesema maneno ya busara," Mzee Hashimu alisema kwa uso mkavu kabisa. "Binti wa kitabu, yaandike. Liko wapi hilo isale?"

"Chini ya kitanda changu," akasema Dorkasi.

Kicheko kilichozuka kiliwatisha wageni. Lakini alipokileta kile kipande, kicheko kikafa. Wazee walikigeuza, wakanusa pale palipopondeka, pameanza kuoza, wakakitazama kile kipasuo. Esteria hakujifunika mdomo tena. Mzee Hashimu alikipanda mwenyewe, polepole sana, akashindilia kwa kisigino, na alipomuaga Dorkasi hakutania.

"Lilikaa siku ngapi nje ya udongo?" alimnong'oneza.

"Siku moja na nusu. Na mbuzi."

"Mbuzi si neno. Panga ndilo baya." Akaondoka.

Jumatatu karatasi mpya, yenye ahadi ya Tobia, ililetwa na mwanasheria. Dorkasi alikataa kuishika. Alimpigia Eliza simu Tanga, Loveness akaisoma neno kwa neno mbele ya simu, Eliza akairudia kwa Kishambaa, wakaanza upya tokea juu. Mwanasheria alitazama saa mara tano. Dorkasi alipoweka dole, aliliweka yeye mwenyewe, hakushikwa mkono.

Kisha zikaanza siku mbaya kuliko miaka kumi na miwili yote. Zamani alikuwa amepoteza, na aliyepoteza hulala. Sasa alikuwa anangoja. Wiki ya kwanza kile kipande kilikuwa cha rangi ya majivu. Wiki ya pili ngozi yake ikakunjamana. Alikimwagilia, akaogopa amekizidishia, akaacha, akaogopa amekikausha. Alihamisha meza yake ya karoti kutoka barabarani akauzia pale pale kando yake, maana Salama alimwambia amemwona fundi wa Morogoro akipita na kidumu cha dizeli. Huenda dizeli ilikuwa ya jenereta. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, naye alishavaa nguo hiyo mara moja.

Na kila asubuhi Tobia alikuja. Hakuwa na sababu ya kupita nyuma ya nyumba, ofisi yake ilikuwa mjini, lakini alikuja, na kikombe cha chai mkononi, akasimama upande wa pili wa kile kijiti. Wawili hao, ambao kwa miaka hawakupeana hata salamu nzima, walikuwa wakiinama pamoja juu ya kitu kimoja, mmoja akikiombea kiote na mwingine akikiombea kife, na mtu wa mbali angesema ni ndugu wanaopendana.

Novemba mvua za vuli zilikuja kwa nguvu. Siku tatu ukungu haukuinuka. Siku ya nne Dorkasi alitoka, akapiga magoti kwenye tope, akakwangua ganda kwa ukucha upande uliokuwa umeoza. Chini yake palikuwa peusi. Akakwangua upande wa pili, karibu na kipasuo cha panga, kwa haraka hata akajikata. Akaona alama ya kijani. Juu ya alama ile, pale panga lilipopita, kulikuwa na kitu kimechomoza, kidogo kama jino la mtoto mchanga.

Alisikia viatu nyuma yake. Hakugeuka. Hakuinuka pia.

"Umeamkaje, shemeji?" Tobia aliuliza, akinyoosha shingo aone.

Dorkasi akasogea kidogo pembeni, ampishe atazame vizuri.

"Limeamka," alisema.